Damu ya Kwanza: Je, Elimu Inahalalisha Dau?



Ndugu zangu wa kiume na wa kike, kamari tunayoonywa nayo mimbarini mara nyingi ni kamari ya mtu asiyejua. Ni yule mzee anayekwangua tiketi ya bahati nasibu, au kijana anayejaza mkeka wa timu kumi na tano za ligi ambazo hata nchi zake hazijui. Khatibu akimaliza, sisi wa chuo kikuu tunatoka msikitini tumetulia, kwa kuwa hayo ni ya watu wengine. Leo nataka tuzungumze kuhusu kamari ya mtu anayejua.

Hoja yake nimeisikia hosteli, nimeisikia kwenye foleni ya chakula, na mara moja nimeisikia baada ya darsa la Alhamisi, msemaji akiwa bado ameshika kitabu mkononi. Inakwenda hivi: maysir ni bahati; mimi sitegemei bahati; nimecheza Dota miaka sita, nazijua timu, najua ipi hushambulia mapema na ipi husubiri; ninachofanya ni uchambuzi, na uchambuzi si kubahatisha. Sitaki kuicheka hoja hii. Wanaoitoa ni watu wenye akili, na baadhi yao ni marafiki zangu. Jibu tulilozoea, kwamba kamari ni haramu na mjadala umekwisha, ni la kweli lakini halimfikii, kwa sababu yeye hapingi kwamba kamari ni haramu. Anasema hili lake si kamari.

Kwa wasiocheza gemu, nieleze kidogo. Katika Dota 2 na League of Legends timu mbili za watu watano watano hupambana kwenye ramani moja, kila timu ikilinda ngome yake, na pambano huweza kuchukua nusu saa au zaidi. Unaweza kuweka dau juu ya nani atashinda pambano zima. Lakini kampuni za kubeti zimelikata pambano hilo vipande vipande, na vipande vinavyozungumzwa sana hapa kwetu ni vya mwanzo: nani atamwaga damu ya kwanza, yaani kumuua adui wa kwanza, nani atabomoa mnara wa kwanza, nani atalipata joka la kwanza, ambalo katika League of Legends hutokea dakika ya 5. Katika Counter-Strike kuna raundi ya bastola, raundi ya kwanza kabisa, ambapo kila mchezaji anaanza na dola 800 za ndani ya gemu na hawezi kununua zaidi ya silaha ndogo. Raundi hiyo haifiki dakika tatu. Unaweka dau, unameza mate, jibu limeshatoka.

Vipande hivi si bahati tupu, na lazima tumkubalie mwenzetu hilo. Katika Dota 2 timu hugombania dhahabu inayotokea saa ya gemu inaposoma sifuri, na aliyechagua mashujaa wa kupigana mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kumwaga damu pale. Katika League of Legends upande wa ramani unaoanzia hubadilisha urahisi wa kulifikia joka. Katika Counter-Strike anayeshinda raundi ya bastola mara nyingi huchukua na inayofuata, maana mwenzake hana fedha za kununua silaha. Mtu aliyetazama mapambano mia tatu ataona mambo ambayo mimi nisiyecheza ila FIFA siyaoni. Kwa hiyo elimu ipo.

Ila mimi nasoma takwimu, na jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba kadiri tukio linavyokuwa dogo ndivyo bahati inavyokuwa na sauti kubwa ndani yake. Pambano la dakika arobaini ni jumla ya maamuzi mamia. Timu bora ikikosea hapa itarekebisha pale. Damu ya kwanza ni kosa moja la mtu mmoja: kidole kimeteleza, intaneti imekwama nusu sekunde, amepita njia ambayo adui kwa sadfa alikuwa amejificha. Mtu anayejisifu kwa elimu amechagua soko ambalo elimu ina nafasi ndogo kuliko masoko yote. Hili peke yake lilitosha kunishangaza. Ni kama mwanafunzi hodari anayeomba mtihani uwe na swali moja tu.

Kisha kuna bei. Tuseme damu ya kwanza imewekewa odi ya 1.85 kwa kila upande. Wewe umeweka shilingi 1,000 kwa timu hii, mwenzako wa chumba cha pili ameweka 1,000 kwa timu ile. Jumla ni 2,000. Atakayeshinda anapewa 1,850. Zile 150 zimebaki kwa kampuni, na kampuni haikuhitaji kujua lolote kuhusu Dota ili izipate. Ili usipoteze katika odi hiyo unatakiwa kuwa sahihi zaidi ya mara 54 katika kila 100. Ukiwa sahihi nusu kwa nusu, ukaweka 5,000 mara kumi kwa usiku kwa usiku ishirini, zimepita mkononi mwako shilingi milioni moja na kwa wastani 75,000 hazitarudi. Hapa ndipo udogo wa kipande unapofanya kazi yake ya kweli. Dau la pambano zima linakupa nafasi mbili tatu kwa usiku. Dau la raundi ya bastola na damu ya kwanza linakupa kumi, ishirini, na kila moja linakatwa ile sehemu ya kampuni.

"Lakini mimi niko juu ya 54," atasema. Huenda. Wachukue watu 100, kila mmoja arushe sarafu mara 200 na kubashiri. Takriban tisa kati yao watapatia mara 110 au zaidi, bila elimu yoyote. Hao tisa ndio utakaowasikia wakizungumza kwenye foleni ya chakula. Wale tisini na mmoja wako kimya.

Na huyo aliyepanga odi hakukaa kama wewe akitazama simu. Matangazo unayoyatazama ya moja kwa moja mara nyingi hucheleweshwa kwa makusudi, ili timu zisiibiane siri. Kampuni kubwa za kubeti hununua data inayotoka kwenye seva ya gemu yenyewe. Soko linafungwa kabla hujaona kwa nini limefungwa. Wewe unamwona mchezaji akikimbia; aliyekuuzia dau ameshajua kama alifika.

Hadi hapa nimezungumza kama mtu wa hesabu, na kama ningeishia hapa ningekuwa nimesema tu kwamba kamari ni biashara mbaya. Mtu angeweza kunijibu: basi nikiwa kweli ni bora kuliko bei, imekuwa halali? Hilo ndilo swali lenyewe, na sikulitunga. Liliniletewa mikononi.

Mimi ni mweka hazina wa jumuiya yetu. Kabla ya Ramadhani moja nilikuwa nakusanya michango ya futari. Alikuja ndugu mmoja, mtu wa swala ya alfajiri na mwenye adabu, akaniwekea shilingi 200,000 mezani. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa ametoa hata robo yake. Nilijua zimetoka wapi, na yeye alijua kwamba najua. Hakuwa mtu wa kuficha. Nilipositasita alinionyesha simu yake. Kampuni aliyokuwa akiitumia ilikuwa imemshushia kiwango: haruhusiwi tena kuweka zaidi ya shilingi 1,000 kwa dau moja katika masoko ya gemu. Wengine wanaona hiyo ni adhabu. Yeye alinionyesha kama mtu anayeonyesha cheti.

"Umeona, akhi? Wananiogopa. Hiyo ni bahati?"

Nakiri kwamba alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye huenda alikuwa mmoja wa wachache wanaojua kweli. Na ndiyo maana mfano wake una faida kwetu kuliko mfano wa yule mzee wa tiketi, kwa sababu kwake tunaweza kuliondoa suala la ujinga kabisa na kuona kinachobaki.

Kwanza kinabaki kile cheti. Kampuni hizi zina desturi inayojulikana dunia nzima: anayeshinda mara kwa mara hupunguziwa kiwango au hufungiwa akaunti. Tafakari maana yake. Duka gani linamfukuza mteja kwa sababu anaijua bidhaa? Muuza nyanya wa Nakasero hakufukuzi kwa kuwa unajua kuchagua nyanya. Hapa mlango uko wazi kwa asiyejua, na unafungwa pale pale anapothibitika anayejua. Kwa hiyo kila anayeruhusiwa kuendelea kuweka dau kubwa amekwisha kupewa jibu na kampuni yenyewe kuhusu elimu yake.

Pili kinabaki chanzo cha zile fedha. Rafiki yangu alidhani amemnyang'anya tajiri. Lakini rejea kwenye zile 2,000. Kampuni haikuingiza hata senti. Imeshika mkoba, imechukua 150, imempa mshindi fedha ya aliyeshindwa. Ile 200,000 mezani kwangu ilitoka kwa watu waliokuwa upande wa pili wa kila damu ya kwanza, na sikuhitaji kwenda mbali kuwatafuta. Kwenye korido yao ile ile alikuwepo kijana wa mwaka wa kwanza aliyeuza kompyuta yake muhula uliotangulia. Huyu alikuwa akiwafuata wenzake kwenye kundi la WhatsApp la dondoo za usiku. Walipoteza pamoja mara tatu mfululizo, kisha kila mmoja akaanza kusema ni nani aliyetoa dondoo mbaya, na hadi leo wawili kati yao wakipishana getini hakuna anayeanza salamu. Tunaisoma Suratul Maida, aya ya 90 na 91, tangu madrasa: kwamba shetani anataka kwa ulevi na kamari kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Allah na swala. Hapakutajwa ujinga kuwa ndiyo sababu. Uadui ndio uliotajwa, na uadui unakuja hata kama wote ni wajuzi. Pengine unakuja zaidi.

Mtu wa biashara atasema: hata biashara ina bahati, na mmoja hupata kwa kupoteza mwingine. Si kweli kwa namna hiyo. Mtu akinunua nyanya Mbale akazileta Kampala, akakuta bei imeanguka, amepata hasara. Lakini nyanya zimefika na watu wamekula. Bahati ilikuwepo, ila ilipanda juu ya kazi. Katika damu ya kwanza hakuna nyanya. Pambano lingechezwa vile vile bila dau lako, wachezaji wangepata kile walichoahidiwa, joka lingetokea dakika ya 5. Kilichoongezwa ni fedha kuhama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Suratun Nisaa, aya ya 29, inakataza kula mali zetu kwa batili na inaruhusu biashara ya kuridhiana. Wenzetu hushika neno kuridhiana: sote tumekubali, hakuna aliyelazimishwa. Lakini ridhaa imetajwa pamoja na biashara, haikutajwa peke yake. Tena ni ridhaa gani hii? Kila mmoja ameridhia kwa sharti la kwamba atakayepoteza ni mwingine. Muulize aliyeuza kompyuta kama aliridhia kupoteza.

Ndugu mmoja msomi aliniletea kisa cha Sayyidna Abubakar r.a. Nimekifurahia, maana kinagusa kitovu cha jambo. Amepokea Tirmidhi kwamba ziliposhuka aya za mwanzo za Suratur Rum, zikitangaza kwamba Warumi walioshindwa watakuja kushinda ndani ya miaka michache, Abubakar aliwekeana dau na washirikina wa Makka. Je, si dau la mtu mwenye elimu? Ndiyo, na elimu kubwa kuliko yoyote: alikuwa na ahadi ya Mola wake. Lakini mapokezi yenyewe yanaeleza kwamba hayo yalikuwa kabla ya kuharamishwa kwa kuwekeana dau. Wanazuoni wamekijadili sana kisa hiki, na wapo waliosema kwamba dau la kuinusuru dini lina hukumu yake. Sijamwona hata mmoja aliyekitumia kuhalalisha faida ya mtu binafsi katika mchezo. Na wamelizungumza suala la ustadi kwa uwazi katika sataranji, mchezo ambao hauna hata punje ya bahati: hata wale walioona kuucheza tu si haramu, wamesema wakiweka mali pande zote mbili, mmoja ale na mwingine aliwe, ni kamari. Ustadi wa mchezaji mwenyewe haukuiokoa. Sasa itakuwaje ustadi wa mtazamaji?

Turudi kwenye zile 200,000. Kilichonifanya nisizipokee ni kitu nilichokisoma zamani kuhusu maysir ya Waarabu wa jahiliya, ambacho sikuwahi kukisikia kwenye khutba. Walikuwa na mishale kumi. Saba ilikuwa na mafungu, kuanzia fungu moja hadi saba. Mitatu ilikuwa mitupu. Ngamia alichinjwa, mishale ikatikiswa mfukoni na kutolewa mmoja mmoja. Waliotokewa na mishale mitupu ndio waliolipa bei ya ngamia. Na walioshinda nyama hawakuila. Waliigawa kwa maskini, hasa wakati wa baridi na njaa, na walijifakhari kwa hilo. Asiyeshiriki walimpa jina baya, baram, mtu bahili asiyejali watu. Wafasiri wengi wanataja jambo hili wanapoeleza manufaa yaliyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 219. Yaani Qur'ani haikukana kwamba maskini walikula. Ilikubali manufaa, ikayapima, ikasema dhambi yake ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo swali la futari yetu lilikwishaulizwa, karne nyingi kabla ya Dota. Nilikwenda kwa imamu, akanieleza wanavyosema wengi wa wanazuoni: mali iliyopatikana kwa haramu na wenyewe hawajulikani hutolewa ili mtu ajivue nayo, si kama sadaka ya kutarajia thawabu, na mtu anayejivua huwa ameacha. Yule ndugu hakuwa ameacha. Alikuwa analeta fungu la ngamia. Nikamrudishia.

Aliniuliza swali moja: "Kwa hiyo njaa ya wenzetu ni bora kuliko fedha yangu?" Sikuwa na jibu zuri wakati ule. Mwaka huo tulifuturu kwa tende mbili na uji, na siku za mwisho uji ulikuwa mwepesi. Kuna wanafunzi wetu ambao ile futari ndiyo chakula chao cha uhakika kwa siku nzima, na nawajua kwa majina. Bado naona uamuzi ulikuwa sawa. Lakini anayedhani kukataa haramu hakugharimu mtu wa tatu hajawahi kuwa mweka hazina.

Kuna upande mwingine wa vipande vidogo ambao wapenda gemu wenyewe wanapaswa kuuogopa kuliko sisi wa takwimu. Mwaka 2013 mchezaji wa Dota kutoka Urusi, Alexei Berezin, anayejulikana kama Solo, aliweka dola 100 dhidi ya timu yake mwenyewe katika ligi ya StarLadder. Timu ikafungwa, akapata dola 322. Alifungiwa, kwanza maisha, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa mwaka mmoja, na baadaye alirudi na kuongoza timu kubwa. Lakini hadi leo mchezaji akifanya kosa la ajabu, watazamaji huandika namba 322. Namba hiyo imekuwa jina la shaka.

Solo ilibidi timu yake ipoteze pambano zima. Kipande kidogo hakidai hivyo. Unaweza kuuza damu ya kwanza na bado ukashinda pambano. Unaingia tu mahali usipotakiwa kuingia, unakufa mara moja, unaendelea. Nafsi inatulizwa: sijaihujumu timu. Tumeyaona haya kwenye kriketi. Mwezi Agosti 2010, katika uwanja wa Lord's jijini London, warushaji wawili wa Pakistan, Mohammad Asif na Mohammad Amir, walirusha mipira iliyovuka mstari kwa wakati uliopangwa, kwa mpango uliomhusisha nahodha wao Salman Butt. Ilikuwa mipira mitatu tu katika mechi ya siku nyingi. Novemba 2011 mahakama ya London iliwafunga wote watatu. Amir alikuwa na miaka 18 siku ya tukio. Ni ndugu zetu katika dini, na umri huo ni wa mwaka wa kwanza chuoni. Soko la kipande kidogo ndilo lililofanya mpira mmoja uliovuka mstari uwe na bei.

Niseme na hili, ijapokuwa ni fupi. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza kamari kwa mtu aliye chini ya miaka 25. Wengi wetu hatujafika. Akaunti nyingi ninazozisikia hosteli zimesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka, cha mjomba, cha jirani. Mtu anayesema anafanya uchambuzi halali ameanza na jina ambalo si lake.

Ama kuhusu kucheza gemu kwenyewe, na hata wachezaji wa kulipwa wanaopewa zawadi na waandaaji, hilo ni suala jingine na silitii ndani ya hili. Mtume s.a.w. ameruhusu zawadi katika mashindano ya farasi, ngamia na mishale, na wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kipi kinaingia humo na kipi hakiingii. Aliye na hamu aende kwa masheikh wetu, asinifuate mimi.

Lakini kuna jambo moja karibu zaidi nasi. Kamati ya michezo imependekeza mashindano ya FIFA siku ya pili ya Idd, wachezaji 16, kila mmoja atoe shilingi 5,000, na mshindi achukue zote 80,000. Nilipouliza kama tumelitazama hili vizuri, kikao kilicheka. Niliambiwa nimeanza kuona kamari hata kwenye chai. Hebu lipimeni wenyewe kwa kipimo kile kile. Kumi na sita wanaingia, kila mmoja ameridhia kwa sharti kwamba watakaopoteza ni wengine, mmoja anaondoka na fedha za kumi na tano. Wote ni mahodari. Hakuna bahati nasibu. Hakuna kampuni. Hata ile 150 haipo. Na bado sioni tofauti kati yake na ile mishale, isipokuwa kwamba nyama haiendi kwa maskini.

Nimependekeza tufanye hivi. Gharama za umeme na kukodi televisheni zitoke kwenye mfuko wa michezo, na mchezaji asitozwe chochote. Zawadi itoke kwa asiyecheza: mwenye duka la vitabu karibu na msikiti amekubali kutoa mkoba na vitabu viwili, na dada zetu wa kamati ya ustawi wanatafuta mfadhili wa pili. Hakuna dondoo za kubashiri mshindi kwenye kundi la jumuiya, hata za mzaha, kwa kuwa Mtume s.a.w. amemtaka anayemwambia mwenzake tu njoo tucheze kamari atoe sadaka, na mimi nitakuwa na daftari la sadaka hapo hapo mezani. Majina yataandikwa Ijumaa baada ya swala, kwenye ukumbi wa chini. Mwenye padi yake aje nayo, tulizonazo ni mbili na moja haishiki vizuri upande wa kushoto.